Mwanafunzi Anapofika na Barua ya Onyo: Kazi ya Mnasihi Chuoni

Wanafunzi wengi wanaofika katika chumba changu cha unasihi hawaanzi kwa kusema kwamba wana huzuni au hofu. Huja na jambo la kiofisi: barua ya onyo kuhusu mahudhurio, fomu ya kuahirisha mtihani inayohitaji sahihi, au swali kuhusu kubadili kozi katikati ya mwaka. Baadhi yao huanza kwa kuniomba radhi, wakidhani kwamba wamechukua nafasi ya mtu mwenye shida kubwa kuliko yao. Mimi huipokea ile barua kwa uzito wake wote, kwa kuwa ndiyo iliyompa mwanafunzi sababu ya kupita mlangoni, na tukishamaliza habari zake ninamwomba anieleze siku ya jana ilikwendaje tangu alipoamka.

Ninapendelea swali hilo kwa sababu maalumu. Anayeulizwa ana tatizo gani hujiona analazimika ama kujipa jina la ugonjwa ama kukana kwamba lipo lolote, lakini anayeulizwa habari za jana anaweza kusimulia bila kujihukumu. Mfano ninaoutoa hapa nimeuunganisha kutokana na mazungumzo ya watu wengi, ili usimhusu yeyote. Kijana wa mwaka wa pili anasema aliamka saa sita mchana. Alilala saa kumi alfajiri, simu ikiwa mkononi, kwa sababu kila alipozima taa alirudiwa na mawazo ya ripoti ya maabara ambayo muda wake ulikuwa umepita. Alipoamka alikuta ujumbe wa mwenzake wa kikundi, akaufunga bila kuujibu. Mhadhara wa saa nane hakwenda, akichelea kwamba mhadhiri angemwuliza kuhusu ripoti ileile. Jioni alijiahidi kuanza upya kesho, na usiku ukawa kama ule uliotangulia.

Watu wa karibu wakimtazama kijana huyu humwita mvivu, naye mwenyewe huwa amekwisha kulikubali jina hilo. Sikubaliani nalo hata kidogo. Mvivu hapotezi usingizi kwa ajili ya kazi asiyoifanya. Kinachoendelea ni kwamba kila anapokwepa jambo linalomtia hofu hupata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo, ijapokuwa ni ya dakika chache, ndiyo inayoifundisha akili kukwepa tena. Wakati huohuo mambo yaliyokuwa yakimpa furaha na kumkutanisha na wenzake yanapungua, usingizi unavurugika, na kwa kuwa usingizi mbovu hupunguza umakini na uwezo wa kuhimili hisia, ripoti inazidi kuonekana mlima. Mtu anaweza kuingia katika sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa njia hii bila tukio lolote kubwa la kulisimulia, na ndiyo maana wengi huamini kwamba hawana haki ya kuomba msaada.

Njia mojawapo iliyothibitishwa na tafiti nyingi kwa watu wenye sonona ni kurejesha shughuli hatua kwa hatua bila kusubiri hamu irudi kwanza. Kwa kijana wetu, hatua ya kwanza inaweza kuwa kuujibu ule ujumbe wa mwenzake palepale chumbani, kwa sentensi mbili tu, kisha kuitazama hofu iliyokuwa nyuma yake inapungua kiasi gani. Hatua ya pili huwa saa ya kuamka. Vijana wa miaka 18 hadi 25 wanashauriwa kulala kwa muda wa saa 7 hadi 9 kila usiku, na katika umri huo saa ya mwili huelekea kuchelewesha usingizi, hivyo kumwamuru alale mapema hakusaidii sana. Kinachofaa zaidi ni kuamka saa ileile kila siku, pamoja na siku za mapumziko, na kutoka nje penye mwanga wa asubuhi. Ripoti yenyewe inaweza kungoja hadi kikao kinachofuata, na hata hapo tutaanza na ukurasa mmoja.

Haya si mambo ya watu wachache. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti ulioratibiwa chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani, uliowahoji karibu wanafunzi 14,000 wa mwaka wa kwanza katika vyuo 19 vya nchi 8, na asilimia 35 kati yao walionyesha dalili za angalau tatizo moja la afya ya akili katika maisha yao. Utafiti mwingine mkubwa, wa Marekani wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba nusu ya matatizo ya afya ya akili huwa yamekwisha kuanza mtu anapofikisha miaka 14, na robo tatu anapofikisha 24. Kwa hiyo miaka ya chuo inaangukia katika kipindi ambacho matatizo haya ama yanaanza, ama yanajitokeza upya baada ya mtu kuwa mbali na waliozoea kumwangalia.

Kabla ya maswali yangu yote, hata lile la siku ya jana, kuna jambo ambalo sikubali kuliruka, nalo ni usiri. Ninamweleza mwanafunzi kwa maneno ya kawaida kwamba anayoyasema hayaendi kwa wazazi wake, kwa wahadhiri wake wala kwenye jalada lake la masomo, kisha ninamweleza pia mipaka: ikiwa uhai wake au wa mtu mwingine uko hatarini, ikiwa kuna mtoto anayedhulumiwa, au ikiwa sheria inanilazimisha, nitalazimika kumshirikisha mtu mwingine, na pale inapowezekana nitamwambia yeye kwanza. Wapo wanaodhani kwamba kutaja mipaka humfanya mtu afunge mdomo. Ninayoyaona ni kinyume chake, kwani mwanafunzi anayejua mpaka ulipo huweza kuamua mwenyewe atasema nini na lini, na uamuzi huo peke yake humrudishia sehemu ya nguvu aliyokuwa ameipoteza.

Mara nyingi mimi hutumia pia dodoso fupi la maswali 9 lijulikanalo kama PHQ-9, linalouliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Alama 10 na kuendelea huashiria kwamba sonona inahitaji kuchunguzwa kwa makini. Dodoso halitoi hukumu ya ugonjwa, na simkabidhi mwanafunzi alama zake kana kwamba ni matokeo ya mtihani. Faida yake kubwa ni kutuonyesha mwelekeo baada ya wiki kadhaa, na kuhakikisha kwamba swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, halisahauliki.

Kuhusu swali hilo sina budi kusema wazi, kwa sababu hofu inayolizunguka inagharimu uhai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba katika umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo. Kumwuliza mtu moja kwa moja kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Tafiti zimelichunguza jambo hili mara nyingi, na wengi wanaoulizwa huonyesha nafuu ya kutolazimika tena kuficha. Mimi huuliza kwa sauti ileile niliyoulizia habari za usingizi. Jibu likiwa ndiyo, tunaandika pamoja mpango wa usalama: dalili za kwanza zinazomwonya, mambo anayoweza kuyafanya peke yake ili atulie, watu na mahali panapomwondoa katika upweke, mtu wa kumpigia akizidiwa, wataalamu na namba za dharura, na jinsi ya kuondoa karibu naye kitu ambacho angeweza kukitumia. Hatari ikiwa ya sasa hivi, simwachi atoke peke yake, na tunakwenda pamoja kwa daktari.

Unasihi unatofautiana na mawaidha, ingawa wanafunzi wengi huja wakiyatarajia, na wazazi wengi hutuma watoto wao kwetu kwa ajili hiyo. Mwaka 1957 Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba mabadiliko hutegemea mnasihi kuwa mkweli, kumpokea mtu bila masharti na kuielewa dunia yake kutoka ndani, na mtu aone kwamba kweli amepokewa na kueleweka. Sidhani kwamba hayo peke yake yanamtosha kila mmoja, na mwenye hofu kali anahitaji pia mazoezi mahususi. Lakini pasipo hayo, zoezi zuri kupita yote hubaki amri nyingine kwa kijana ambaye amekwisha kushindwa kutimiza amri nyingi.

Kuna upande ambao mnasihi hauwezi peke yake. Mwanafunzi anayekosa ada, au ambaye msimamizi wake wa utafiti hamjibu miezi mizima, hahitaji kufundishwa kupumua polepole huku chanzo cha dhiki yake kikiachwa kama kilivyo. Kwa idhini yake ninaandika barua, ninapiga simu, ninakaa katika kikao cha idara. Vyuo vinavyoadhimisha wiki ya afya ya akili kwa mabango mengi huku mwanafunzi akisubiri mwezi mzima kumwona mnasihi vimepanga vipaumbele vyao vibaya. Hata mahali pa chumba pana uzito: mlango wa unasihi ukiwa jirani na ofisi ya nidhamu, kila anayeuelekea hutazamwa kama mkosaji.

Wahadhiri nao huniuliza waseme nini wanapomwona mwanafunzi aliyebadilika. Inatosha kumwita faraghani na kutaja kile walichokiona kwa macho, kwa mfano kwamba amekosa vipindi vitatu na ameacha kuchangia darasani, kisha kumwuliza anaendeleaje na kunyamaza ajibu. Kumwambia tu kwamba kuna ofisi ya unasihi hakumfikishi. Kupiga simu hapohapo akiwepo, na kupata siku na saa, kunamfikisha. Aliyeahirisha muhula ninampa miadi ya wiki ya kwanza ya kurudi, kabla kazi hazijarundikana, na mhudumu wetu wa mapokezi humkumbusha kwa ujumbe siku moja kabla.