Ukitoka Kupiga Chuma Ukanuna: Yanayosemwa Jimu na Ukweli Wake

Jimu yetu iko Pasua, Moshi, nyuma ya gereji ya pikipiki. Vyuma vya dukani ni vichache. Vingi ni vya zege, makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Saa kumi na mbili jioni watu wanatoka pale vifua mbele, wanapita njiani utadhani mtaa ni wao. Ikifika saa tatu usiku, wapigie simu: baadhi hawapokei. Wamejilaza kwenye kochi wanatazama dari. Hawana ugomvi na mtu, ila hawataki kusemeshwa.

Naijua hali hiyo kwa sababu nimeipitia. Mwaka wangu wa kwanza, kila siku ya miguu nilifika nyumbani mwili mzito kama gunia lililolowa na moyo umenyong'onyea. Mama watoto alizoea kuniuliza, "Kazini kuna nini?" Kazini hakukuwa na kitu. Nilipopeleka swali jimu, kila mmoja alikuwa na jibu lake, na karibu yote yalikuwa ya kijiweni. Bado nayasikia hadi leo.

"Tizi inaleta furaha. Wewe ukinuna, una lako jambo"

Nusu yake ni kweli, ndiyo maana haifi. Mwaka 2018 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 33 yenye washiriki 1,877, na ukaonyesha kwamba mazoezi ya uzito hupunguza dalili za sonona. Lakini hao ni watu waliofanya mazoezi kwa wiki kadhaa wakifuatiliwa. Hakuna aliyesema kwamba kila ukishusha chuma utalala unatabasamu. Seti nzito ya kukata pumzi, yaani mzunguko mmoja wa kunyanyua mfululizo, huwashusha watu wengi moyo wakiwa bado ndani yake, kisha moyo hupanda wakipumzika. Kuna anayepanda haraka na kuna anayechelewa, hasa kama hajala au hajalala vizuri.

Halafu kuna hadithi ya endofini, kemikali ya mwili inayosemwa kwamba ndiyo huleta raha ya mazoezi, ambayo kila kocha anaihubiri. Endofini zinazoongezeka kwenye damu hazipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo wingi wake kwenye damu hautuambii mtu ana furaha kiasi gani. Ukitoka jimu hujisikii chochote, hujavunja sheria yoyote ya mwili.

"Ni asidi imeganda kwenye misuli"

Kwa hii utapewa limau, utapewa maji ya moto, utakandwa mpaka ulie. Ukweli ni kwamba laktiki, ndiyo hiyo asidi inayosemwa, inayozalishwa kwenye seti kali huwa imeshaondoka ndani ya saa moja hivi baada ya kumaliza. Wala si takataka: moyo, ubongo na misuli yenyewe huitumia kama nishati. Maumivu ya kesho na keshokutwa, yale yanayofika kilele kati ya saa 24 na 72, hayawezi kuwa yake.

Sisi wa Moshi tungepaswa kuwa wa kwanza kuikataa dhana hii. Muulize mgumu yeyote, maana ndivyo tunavyowaita wapagazi wa Kilimanjaro, mapaja yanamuuma lini. Kupanda ndiko kunakomtoa pumzi. Lakini kinachomfanya ashuke ngazi kinyumenyume keshoyake ni safari ya kurudi, kutoka kambi ya Barafu iliyo juu ya mita 4,600 hadi geti la Mweka, chini ya mita 1,700. Wakati wa kushuka, paja linakaza huku linavutwa, linazuia uzito wa mwili na mzigo kila hatua, na nyuzi zake zinachubuka kwa ndani. Ukishusha chuma polepole kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, unafanya kitu kilekile, ila umesimama mahali pamoja.

Na hapa ndipo moyo unapoingia. Misuli iliyochubuka huamsha kinga ya mwili, na kinga ikiamka hutoa kemikali zinazozungumza na ubongo. Ukiwa na homa, kemikali za aina hiyo ndizo zinazokufanya utake kujifunika blanketi na kuchukia kelele za watoto. Baada ya tizi kiwango chake ni kidogo, lakini kwa aliyeanza juzi, au aliyerudi baada ya miezi sita akataka kubeba alichokuwa akibeba zamani, siku mbili za unyong'onyevu si ajabu. Mwili ukizoea zoezi lilelile, mchubuko hupungua sana. Ndiyo maana mtu wa siku ya kwanza apewe seti mbili, si kumi za kumkomoa. Jimu yetu ina tabia hiyo ya kumkomoa mgeni, na kusema kweli siipendi.

"Piga tizi tumbo tupu, ndiyo mafuta yanaungua"

Kama ningeambiwa nichague dhana moja inayonunisha watu wengi kuliko nyingine zote, ningechagua hii. Mafuta ya mwili hupungua kulingana na unachokula na kutumia kwa siku na wiki nzima. Kula ndizi kabla ya mazoezi hakuharibu chochote.

Nitazame mimi wa mwaka ule. Asubuhi chai ya rangi na andazi. Mchana nusu sahani ya wali, maana nilikuwa napunguza tumbo. Saa kumi na moja jioni, skwati. Nikifika nyumbani sina hamu ya kula, nakunywa maji, nalala. Sasa hesabu: misuli ya mtu mzima huhifadhi wanga wa gramu 300 hadi 500, na ini huongeza 100 hivi. Siku moja ya vyuma inaweza kula robo ya akiba ya misuli iliyofanya kazi, au hata zaidi. Ubongo wenyewe unategemea sukari ya damu. Anayeingia jimu akiba iko chini, akatoka asirudishe kitu, atatetemeka mikono, atakasirikia watu bure, ataona maisha yamekaa vibaya. Hilo si suala la roho. Ni njaa.

Dawa yake imejaa sokoni Mbuyuni. Ndizi mbivu mbili na karanga za mkononi saa moja kabla. Baadaye machalari, au kiburu cha ndizi na maharage, au ugali na dagaa, au sahani ya mtori kwa asiye na hamu ya kutafuna. Protini ya kujenga misuli inatosha ikifika kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani 112 hivi kwa mtu wa kilo 70. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Inafikika bila ule mkebe wa unga wenye picha ya Mzungu aliyejaa mishipa. Wanaofunga Ramadhani wengi wao huhamishia vyuma baada ya futari, na wako sahihi.

Dada zangu wanaambiwa mabaya zaidi: acha ugali, acha wali, kunywa maji ya tangawizi, na tizi siku sita. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii ya kutumia nguvu nyingi kuliko chakula kinachoingia. Inavuruga homoni, inadhoofisha mifupa, inashusha moyo, na kwa wanawake siku zinaweza kukatika. Siku zikikatika, usifurahie kwamba umepumzika pedi. Mwili umefunga duka. Wanaume nao hupatwa, ila wao hawana kalenda ya kuwaonya.

Halafu kuna damu. Upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma ni wa kawaida kwa wanawake nchini kwetu, na dalili zake ndizo hizihizi: kuchoka, moyo kwenda mbio kwenye ngazi, kukosa raha. Kupima wingi wa damu ni jambo la dakika chache. Na chai, mabibi na mabwana, isiende pamoja na chakula, kwa sababu huzuia chuma cha kwenye maharage na mboga kufyonzwa. Subiri saa moja hivi. Najua kumwambia Mtanzania hivyo ni kutafuta ugomvi.

"Vyuma vinamaliza nguvu za kiume"

Hii husemwa kwa sauti ya chini, na ushahidi wake ni mangi fulani aliyejaa kifua na ndoa ikamshinda. Mazoezi ya uzito hupandisha testosteroni, homoni ya kiume, kidogo, kisha ndani ya nusu saa hivi inarudi ilipokuwa. Vyuma havimalizi kitu. Kwa wenye kitambi na kisukari, ambavyo ni visababishi vikubwa vya tatizo la chumbani, mazoezi husaidia. Usiku wa siku ya miguu huenda usiwe na habari na mtu, lakini hata aliyelima shamba kutwa hana habari na mtu.

Ila mangi wa kwenye hadithi anaweza kuwa alikuwa na tatizo la kweli, lililotoka kwenye sindano. Testosteroni ikiingia mwilini kutoka nje, ubongo unaona imetosha, unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Zinasinyaa, na mbegu zinapungua. Wakati wa sindano mtu anajiona simba. Akiacha, kiwanda chake kimelala na mzigo wa nje umeisha, na inaweza kuchukua miezi kiwanda kuamka. Miezi hiyo ndiyo ya giza: hamu imeisha, nguvu zimeisha, kifua kinashuka, na wapo wanaoingia kwenye sonona nzito hadi kufikiria kujiua. Mtu wa namna hiyo anahitaji daktari apime homoni na asimamie kuacha, na kwa daktari aseme wazi alichojidunga. Anayekwambia "zungusha dozi nyingine utakaa sawa" anakurudisha mwanzo wa shimo lilelile.

"Mfumo wa fahamu umeungua"

Hii imeletwa na simu, zamani hatukuwa nayo. Baada ya kubeba kizito sana, ubongo kweli hutuma amri dhaifu kidogo kwenye misuli, lakini kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya saa chache, kama si siku moja au mbili. Hakuna kilichoungua.

"Hewa ya Arusha ni nyepesi"

Mkimbiaji kutoka Dar ataona tofauti akipanda hadi Arusha, kwenye mita 1,400. Mbeba vyuma anayepumzika dakika mbili kila seti hataiona, na Moshi tuko chini zaidi ya hapo.

"Ukichoka, ongeza kahawa"

Naishi chini ya migomba yenye mibuni, sina ubaya na kahawa. Tatizo ni saa. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu. Unga wa kuchangamsha unaouzwa jimu unaweza kuwa na miligramu 200 au zaidi kwenye kijiko kimoja, sawa na vikombe viwili vya kahawa. Ukiunywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku nusu bado inazunguka. Unapata usingizi wa saa tano tu badala ya saba, kesho umechoka zaidi, unaongeza kijiko. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kujipongeza ina mchezo unaofanana: inakulaza haraka, kisha inauharibu usingizi wenyewe.

"Huo ni uvivu tu, komaa"

Nina kijaribio cha wiki moja ninachowapa wenzangu kabla hawajajitukana. Punguza uzito hadi nusu, seti chache, kula milo kamili, lala saa saba au nane. Ukirudi kuwa mtu, jibu umelipata: dozi ilikuwa kubwa kuliko chakula na usingizi. Kuzidisha mazoezi hadi mwili ugome kwa miezi kupo, ila ni nadra kwa mtu wa siku tatu kwa wiki.

Usiporudi, acha kuisingizia jimu. Malaria huanza na uchovu uleule, na ipo zaidi kwenye tambarare za mpunga kuliko huku juu migombani. Kifua kikuu huanza polepole, kikohozi na jasho la usiku. Kuna sukari, kuna tezi ya shingo. Vipimo hivyo vinapatikana hospitali za Mawenzi na KCMC hapa Moshi, na vingine hata kituo cha afya cha karibu.

Kuna dalili moja isiyosubiri wiki. Ukiwa na maumivu makali kupita kawaida, misuli imevimba na haina nguvu, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Misuli inavunjika na kumwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuziua figo. Hutokea hasa kwa mgeni aliyekomolewa, ndiyo maana nimesema tabia ile siipendi.

Na kuna sonona yenyewe. Ikiwa kwa wiki mbili, karibu kila siku, hata siku zisizo na tizi, huzuni haiondoki, vitu ulivyovipenda havina ladha, usingizi na chakula vimeharibika, huo ni ugonjwa, na unatibika kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Wanaume wa jimu yetu hulificha hili nyuma ya kifua. Fikra za kujiua zikija, wiki mbili hazihesabiwi tena. Mwambie mtu mmoja akusindikize hospitali leo, hata kama ni mwenzako wa benchi ambaye hamjawahi kuzungumza zaidi ya "nishikie hapo".