Farasi "wa New York" aliyetungwa mimba Kentucky, na mengine yanayosemwa kimakosa

Naishi Lexington, Kentucky, mji uliozungukwa na mashamba ya farasi wa mbio. Kiswahili hukisikia hapa sokoni, kanisani na shuleni, hasa kwa familia zilizotoka Kongo. Inapokaribia Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya Kentucky Derby, mbio maarufu za farasi, mazungumzo yetu hugeukia farasi, na kila mwaka husikia maneno yale yale kuhusu mipango ya majimbo ya Marekani ya kuwalipa wafugaji tuzo pale farasi waliozaliwa jimboni wanapofanya vizuri mbioni, na ya kuwatengea farasi hao mbio zao wenyewe: kwamba ni ulaji wa matajiri, kwamba inalea farasi goigoi, kwamba ni kodi yetu inayochezewa. Nayajibu kwa kirefu, kwa sababu mipango hiyo imebeba ardhi, nyasi na riziki za watu wengi.

"Farasi wa New York ni yule ambaye wazazi wake ni wa New York"

Hapa ndipo makosa mengine yote yanapoanzia. Mpango wa New York, uliowekwa kisheria mwaka 1973, hauanzi kwa kuuliza damu. Unauliza mtoto alizaliwa wapi. Jike anaweza kuwa mali ya mtu wa Kentucky, akapandwa na dume wa Kentucky, kisha akapakiwa kwenye lori na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,200 hadi mashamba ya Saratoga, New York. Akizaa huko, mtoto huandikishwa kuwa wa New York. Masharti yapo, bila shaka. Jike anatakiwa afike mapema wakati wa mimba na akae hadi azae. Akichelewa, baada ya kuzaa ni lazima apandishwe na dume aliyesajiliwa New York. Na mtoto wa dume wa hapo jimboni humletea mfugaji tuzo nono kuliko mtoto wa dume wa nje. Lakini mlango wenyewe ni mahali pa kuzaliwa.

Mfano mzuri kuliko yote ni Funny Cide. Mwaka 2003 alishinda Kentucky Derby, farasi wa kwanza mzaliwa wa New York kufanya hivyo, na wiki mbili baadaye akashinda Preakness, mbio nyingine kubwa. Magazeti yalimwita farasi wa watu wa New York, na haki yao. Baba yake, Distorted Humor, alikuwa dume wa shamba la WinStar, Kentucky. Mfugaji wake kwenye karatasi alikuwa WinStar hao hao. Walichofanya ni kumpeleka mama yake, Belle's Good Cide, akazalie kwenye shamba la familia ya McMahon karibu na Saratoga, ili mtoto apate haki za New York.

Wengine wakisikia hivyo husema ni udanganyifu. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe ya mpango. Jimbo halikununua damu. Lilivuta jike, na jike akija huja na mengi: hori la kukodi, nyasi kavu, daktari wa mifugo, mhunzi wa kwato, na mtu wa kukesha naye usiku wa Februari theluji ikiwa nje. Wafugaji hupenda watoto wazaliwe mapema, kwa kuwa farasi wote wa aina hii katika nusu ya kaskazini ya dunia huhesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari, hata yule aliyezaliwa Mei.

"Siku hizi si wangetuma mbegu tu kwa chupa?"

Swali hili huletwa sana na watu wetu waliofuga ng'ombe wa maziwa, na ni swali la mtu anayejua kazi. Kule nyumbani mtaalamu wa uhimilishaji huja kwa pikipiki na mrija wa mbegu ya dume ambaye mfugaji hatamwona maishani. Kwa farasi wa Thorobredi, wale wa Kentucky Derby, hilo limekatazwa. Jockey Club, wenye kitabu cha nasaba cha Amerika Kaskazini, hawamsajili mtoto aliyepatikana kwa uhimilishaji. Dume na jike lazima wakutane ana kwa ana.

Kanuni hiyo moja ndiyo inayozipa nguvu sheria za majimbo. Kama mbegu ingesafiri kwa ndege, dume bora wa Kentucky angezaa watoto kila kona bila jike yeyote kutoka zizini. Kwa kuwa haisafiri, kila mimba ni safari, na kila safari humlazimisha mfugaji kuamua jike atalala wapi miezi 11 ya mimba. Jimbo linalotoa motisha linashindania miezi hiyo. Farasi wanaovuta vigari mbioni wao wana kanuni nyingine. Kwao uhimilishaji unaruhusiwa, kwa hiyo usichanganye masharti ya hawa na ya wale.

"Mbio za wazaliwa wa jimbo ni za farasi walioshindwa kwingine"

Kuna chembe ya ukweli hapa, nami sitaificha. Mbio zinazofungiwa wazaliwa wa jimbo moja kwa kawaida huwa na ushindani mwepesi kuliko zile za wazi, na farasi wa kawaida hupata humo riziki ambayo asingeipata Kentucky. Ila kosa ni kudhani humo hatoki bingwa. Funny Cide alikimbia mara tatu akiwa na miaka miwili, zote dhidi ya wazaliwa wenzake wa New York, akashinda zote tatu. Tiz the Law, mzaliwa mwingine wa New York, alianza hivyo hivyo kwenye uwanja wa Saratoga, na mwaka 2020 akashinda Belmont Stakes, nazo ni mbio kubwa za wazi, mzaliwa wa New York wa kwanza kuishinda tangu Forester mwaka 1882.

Halafu yupo California Chrome. Mama yake, Love the Chase, alinunuliwa kwa dola 8,000. Ada ya kupandishwa na baba yake, Lucky Pulpit, ilikuwa dola 2,000, ilhali ada ya madume wakubwa wa Kentucky inahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Alizaliwa mwaka 2011 huko Coalinga, bonde la kati la California. Mwaka 2014 alishinda Derby na Preakness, na 2016 akashinda Dubai World Cup. Nikikutana na mtu anayeyaita mashamba ya California ya vichochoroni, humtajia farasi huyo, kisha nikanyamaza.

"Hizo pesa ni kodi ya mwananchi"

Inategemea jimbo. Mfuko wa New York hulishwa na asilimia ya dau za mbio pamoja na sehemu ya mapato ya mashine za kamari. Pennsylvania ilifungua mlango wa mashine hizo kwa sheria ya mwaka 2004, mwaka ule ule ambao mzaliwa wake Smarty Jones alishinda Derby. Hapa Kentucky, mfuko wa tuzo za wafugaji unatokana na kodi ya mauzo ya asilimia 6 inayotozwa ada za kupandisha. Yaani anayelipia dume ndiye anayechanga. Ni kodi, ndiyo, ila inatoka ndani ya biashara ya farasi na kurudi humo humo. Na kumbuka, hii ni Kentucky, kitovu chenyewe cha farasi. Anayedhani motisha ni za majimbo dhaifu pekee hajaangalia jirani yake.

"Mwishowe anafaidi tajiri mwenye farasi"

Mwenye farasi hupata zawadi ya mbio, iliyonenepeshwa na mfuko. Lakini tuzo ya mfugaji ni jambo jingine. Mfugaji, kwa kanuni za nasaba, ni yule aliyemmiliki jike wakati wa kuzaa. Mtoto anaweza kuuzwa mnadani akiwa na mwaka mmoja, kwa bei isiyorudisha hata gharama ya malisho, na bado kila anapomaliza nafasi za juu kwenye viwanja vya jimbo, hundi humwendea yule aliyemzalisha. Miaka mitatu, minne, mitano. Kwa mtu mwenye majike wawili au watatu na shamba la kurithi, hundi hiyo ndiyo inayoamua kama ardhi itabaki malisho au itapimwa viwanja vya nyumba. Mwenye dume aliyesajiliwa jimboni naye ana fungu lake.

Angalia pia neno "viwanja vya jimbo". Mfuko wa New York haulipi tuzo kwa ushindi uliopatikana Louisville, Kentucky, Derby inakokimbiwa. Funny Cide alipowashinda wote Derby, mfuko haukutoa senti kwa mbio hiyo, kwa sababu unachotaka ni farasi akimbie nyumbani.

"Motisha ikishawekwa, ufugaji utakua tu"

Ningependa iwe kweli. Mwaka 1986 Amerika Kaskazini ilisajili watoto wa Thorobredi zaidi ya 51,000. Siku hizi hawafiki 20,000 kwa mwaka, ingawa motisha zimezagaa kila upande. Motisha huhamisha majike kutoka jimbo hadi jimbo na hupunguza kasi ya anguko; haijalizuia.

Na inaweza kukatwa. Ontario, Kanada, iliwapa watu wa mbio sehemu ya mapato ya mashine za kamari tangu 1998, kiasi kilichofikia takriban dola milioni 345 za Kanada kwa mwaka. Machi 2012 serikali ilitangaza kuwa mpango utakoma mwaka mmoja baadaye. Minada ya vuli hiyo haikusubiri: bei za watoto wa mwaka mmoja zilianguka kabla mashine zenyewe hazijaacha kulipa. Fedha za mpito zilikuja baadaye, lakini majike waliokwisha kuuzwa nje hawakugeuza lori. Huko Pennsylvania, mwaka 2020 gavana alipendekeza takriban dola milioni 200 za mfuko wa farasi zihamishiwe ufadhili wa wanafunzi wa vyuo. Pendekezo halikupita, nami siwalaumu wazazi waliolitamani. Ila bajeti ya serikali hujadiliwa kila mwaka, na mfugaji anayempandisha jike wake Machi hii ana miezi 11 ya mimba mbele yake, kisha miaka miwili mizima kabla mtoto hajakanyaga kiwanja kwa mara ya kwanza.