Hitilafu za zamani na toleo jipya la programu: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Kampuni makini haitoi toleo jipya mpaka imalize hitilafu zote.

Ukweli: Programu kubwa hutoka huku ikiwa na orodha ndefu ya hitilafu zinazojulikana. Kinachoamua ni uzito, si wingi. Kila ripoti huulizwa maswali: Je, inapoteza data? Inawafungulia wadukuzi mlango? Inazima programu ghafla? Imeharibu kitu kilichokuwa kikifanya kazi katika toleo lililopita? Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, toleo husubiri. Kitufe kilichopinda hakimsubirishi mtu. Debian, mfumo endeshi huria, hufanya hivi hadharani: hitilafu za ngazi tatu za juu kabisa huhesabiwa kuwa kizuizi, na kwa kawaida kifurushi (programu moja kati ya zile zinazounda mfumo huo) chenye hitilafu hiyo hurekebishwa au huondolewa.

Dhana: Hitilafu inayowapata wachache inaweza kungoja.

Ukweli: Hapa ndipo kampuni huumia zaidi. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilianza kutoa toleo 1809 la Windows 10, na siku chache baadaye ikalisimamisha kwa sababu lilikuwa likifuta mafaili ya watu. Waathirika walikuwa wamehamishia folda zao za nyaraka au picha mahali pengine, lakini mafaili mengine yakabaki kwenye folda ya awali. Sasisho likaiona folda hiyo kuwa ya ziada, likaifuta pamoja na vilivyomo. Kwa hesabu ya Microsoft, ripoti za upotevu zilikuwa asilimia 0.01 tu ya waliosakinisha. Watu waliojaribu toleo kabla halijatoka walikuwa wameshaonya mapema, ila ripoti zao zilipata kura chache za watumiaji wengine, zikazama. Toleo lilirudi 13 Novemba, na fomu ya kuripoti ikaongezewa sehemu ya kutaja ukali wa tatizo. Kasoro ilikuwa katika mizani yenyewe: kura hupima wangapi wameguswa, hazipimi wameguswa vipi.

Dhana: Wakiacha vipengele vipya kwa mwaka mmoja, hitilafu zitakwisha.

Ukweli: Rekebisho nalo ni badiliko, na kila badiliko linaweza kuzaa hitilafu yake. Mac OS X 10.6 ya mwaka 2009, mfumo endeshi wa kompyuta za Apple, ilitangazwa kuwa karibu haina kipengele kipya, lengo likiwa kuiimarisha. Hata hivyo, ilitoka na hitilafu ambapo kuingia kwa akaunti ya mgeni kuliweza kufuta data ya mwenye kompyuta. Ikarekebishwa Novemba mwaka huohuo katika 10.6.2.

Ndiyo maana kazi hii ina mpangilio wake. Kwanza huandikwa jaribio, yaani programu fupi ya kupima, linaloshindwa kwa sababu ya hitilafu hiyo. Kisha msimbo (maandishi ya programu yenyewe) hurekebishwa kwa badiliko dogo iwezekanavyo, jaribio hupita, halafu majaribio yote ya zamani huendeshwa upya. Kadiri siku ya kutoa inavyokaribia, ndivyo hitilafu ndogo zinavyoachwa makusudi. Kuzigusa dakika za mwisho ni hatari kuliko kuziacha. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kwa kila toleo, hupokea vipengele vipya kwa wiki mbili tu, kisha hutumia wiki saba au nane hivi kurekebisha, ikitoa toleo la majaribio kila wiki.

Dhana: Kurekebisha leo au mwakani ni kazi ileile.

Ukweli: Si ileile. Aliyeandika msimbo anasahau au anahama, msimbo mwingine unajengwa juu ya ule mbovu, na watumiaji wanaizoea tabia mbaya hadi kuitegemea.

Dhana: Ukitaka rekebisho, lazima uhamie toleo jipya.

Ukweli: Inategemea mradi. Wenye matawi ya muda mrefu (nakala za matoleo ya zamani zinazoendelea kutunzwa) hurekebisha kwanza tawi kuu, ambalo toleo lijalo hutokana nalo, kisha hunakili rekebisho kwenye matawi ya zamani, ili hitilafu isirudi katika toleo lijalo. Angalia tarehe ambayo toleo lako litaacha kupata marekebisho ya usalama. Ikishapita, kuhama ni lazima.