Kuanguka usaili wa programu si dalili ya kukariri kidogo

Vijana wengi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakikosa kazi ya kuandika programu huniambia neno lilelile: "Nilifanya maswali machache." Basi wanarudi geto Ng'ong'ona, wanakariri majibu mia mbili, na usaili unaofuata wanaanguka tena. Inaniuma, maana bidii wanayo.

Msaili mzuri hapimi ulichokariri. Chukua swali la kawaida: kwenye orodha ya majina 10,000, tafuta yaliyojirudia. Ukilinganisha kila jina na kila jingine, kompyuta hufanya milinganisho karibu milioni 50. Ukiweka kila jina ulilokwisha kuliona kwenye jedwali la heshi (hash table, hifadhi inayokuonyesha papo hapo kama jina limo tayari), unapita orodha mara moja tu, hatua 10,000 hivi, ila unatumia memori zaidi. Anayeyasema hayo kwa sauti, hata akisahau alama moja ya koma, mara nyingi humzidi aliyeandika jibu kamili kimyakimya.

Kwa hiyo kabla ya kuomba upya, liandike swali lililokushinda ungali unalikumbuka. Lifumbue taratibu, kisha mweleze mwenzako ubaoni. Akikuuliza "kwa nini hivyo?" ukakwama, anzia hapo.