Hao wa Mtaro Wanalipwa na Nani? Tunayowadhania Watu Wanaotengeneza Nairobi

Jumamosi moja niliingia kwa kinyozi huku Kayole matope yakiwa bado kwenye kucha. Kikundi chetu kilikuwa kimeshinda mtaroni kikizoa taka tangu saa mbili asubuhi, watu kumi na wanne na reki tatu. Mzee aliyekuwa kitini, povu limemfika masikioni, hakuniona. Akaendelea na mazungumzo yake: "Hao wa mtaro wanakula pesa za wazungu. Hakuna mtu Nairobi anaingia kwenye uchafu wa mwenzake bure."

Kinyozi alinikonyeza kupitia kioo. Nilinyamaza, kwa sababu wembe ulikuwa karibu na sikio la mzee na sikutaka damu ya mtu.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu, kazi ambayo hupewa yeyote aliyekosa mkutano siku ya uchaguzi. Nina daftari, nina muhuri, na kurasa za nyuma za daftari nimezijaza maneno kama ya yule mzee. Nitayajibu hapa, maana kwa kinyozi sikupata nafasi.

"Nyuma yao kuna mfadhili"

Wafadhili wapo, sitakuficha. Makao makuu ya UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, yenyewe yako Gigiri, na magari yenye nembo za mashirika hayahesabiki mjini. Ila ukidhani kazi yote ilianzia huko, umemshika ng'ombe mkia.

Chukua Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mabanda. Ulianza mwaka 1996, na kilichowaunganisha wanachama wake ni tingatinga. Wakati huo kuvunjiwa nyumba alfajiri lilikuwa jambo la kawaida. Wakongwe wa jiji bado wanaisimulia Muoroto, karibu na stendi ya Machakos, jinsi ilivyofagiliwa Mei 1990. Silaha ya Muungano hadi leo ni kijitabu cha akiba: kumi leo, ishirini kesho, mtu anapita mlango kwa mlango kukusanya. Mtindo huo walibadilishana na wakazi wa mabanda wenzao wa India na Afrika Kusini. Pesa zenyewe ni kidogo, lakini watu wanaokusanyiana shilingi ishirini kila siku wanajuana kwa majina. Wanajua nani mgonjwa, nani kafukuzwa kazi, nani mwongo. Siku notisi ya kubomolewa ikibandikwa, watu wa namna hiyo hawatawanyiki.

Matunda yake yalionekana kwenye mabanda ya Mukuru. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, na kutoa miaka miwili mpango uandikwe. Hapo kuna kaya zipatazo 100,000. Wanavyuo walikuja, wanasheria na wahandisi wakaja, lakini mkutano wa watu laki kadhaa hauitishwi kwa barua pepe. Kaya kumi zilikaa pamoja zikatoa msemaji wao, wasemaji nao wakakutana ngazi ya juu yake, ngazi kwa ngazi mpaka eneo zima likawa na sauti.

Nadhani suala la barabara ndilo linaloonyesha vizuri kazi hii ni ya aina gani. Vipimo vya kawaida vya mpango miji vinataka barabara pana. Ukivichora juu ya Mukuru kama vilivyo, mstari unapita juu ya vitanda vya watu. Lakini bila barabara gari la zimamoto haliingii, na Mukuru moto wanaujua. Kwa hiyo swali linakuwa: tupunguze upana hadi wapi, na ni mlango wa nani utakaosogezwa? Swali hilo halijibiwi na mtu anayelala Gigiri. Ofisi ya huduma za jiji iliyoundwa mwaka 2020 ilipoanza kujenga barabara na kulaza mabomba Mukuru, ilikuta mengi yameshabishaniwa na wenyewe.

"Maskini anataka vya bure"

Hii huniudhi kuliko zote, na dawa yake ni hesabu ya darasa la nne.

Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi hamsini ya lita ishirini. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, mita moja imekugharimu shilingi 250. Mwaka 2015 mashine za maji za kadi zilipowekwa Mathare, mtungi uliuzwa senti hamsini. Mitungi hamsini, shilingi 25. Tofauti ni mara kumi. Mwenye bomba lake ndani ya nyumba, kwenye mtaa wenye lami na bustani, hajawahi kulipa bei ya yule mama wa mtungi, na maji yakipotea mtungi hupanda hadi kumi, ishirini, na zaidi. Watafiti waliopita Mukuru kabla ya ule mpango walikuta hivyo hivyo: wakazi wa mabanda wanalipia maji ghali kuliko mitaa iliyopangwa, tena maji yenyewe mabaya.

Kwa nini mabaya? Mabomba ya plastiki ya mitaani, yale membamba yanayolala kama tambi, hupitishwa ndani ya mitaro ya maji taka kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyo wazi. Siku ya mgao bomba likibaki tupu, kila tundu na kila kiungo kibovu hunyonya kilicho nje. Maji yakirudi, yanarudi na uchafu huo. Ndiyo maana shirika la SHOFCO, lililoanzishwa Kibera na Kennedy Odede mwaka 2004, liliamua kupandisha mabomba juu ya nguzo, yapite hewani juu ya mapaa. Uchafu haufiki, na anayetaka kukata bomba usiku auze maji asubuhi itabidi apande ngazi mbele ya macho ya mtaa mzima.

Kwa hiyo wakikuambia wakazi hawawezi kulipia huduma, uliza wanamlipa nani sasa hivi. Wanalipa. Wanamlipa muuza maji, wanamlipa mwenye waya wa stima wa kuunganisha, wanalipa kuingia chooni. Wanaotatua tatizo hili hawatafuti pesa mpya mfukoni mwa maskini. Wanataka zilezile zinunue kitu cha maana.

"Kibera ina watu milioni"

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera. Jiji zima mwaka huo lilikuwa na watu 3,138,369. Kama Kibera ingekuwa na milioni moja, basi karibu theluthi ya Nairobi ingekuwa imebanwa kwenye kipande ambacho unakivuka kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Wapo wanaosema makarani wa sensa waliruka milango, na huenda waliruka. Lakini hata ukiongeza nusu, milioni huifikii.

Utauliza kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba idadi ndiyo inayogawa vyoo, shule na dawa, na sifa ya "mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika" huvuta kila kamera hadi Kibera huku Korogocho ikiangaliwa kwa mbali. Isitoshe, kabla ya 2009 ramani za watu wote zilionyesha Kibera kama pengo tupu. Mwaka huo vijana wa vijiji vyake walipewa vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro wakiweka alama: bomba hapa, zahanati hapa, kanisa, msikiti, choo, mahali pa kuogopa usiku. Mradi huo uliitwa Map Kibera. Aliyekuja na wazo na kompyuta alitoka nje, kweli. Aliyejua kichochoro kipi kinatokea wapi hakutoka nje.

"Siku hizi ni programu tu"

Nairobi tunapenda sana programu za simu. Kila kukicha kuna mashindano, kijana anapanda jukwaani na fulana nyeusi, tatizo la taka limekwisha.

Tazama zile zilizofaulu uone jasho lililo chini yake. Ramani ya matatu iliyotolewa Januari 2014, ikiwa na njia zaidi ya 130, ilitokana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na MIT na Columbia, waliopanda matatu wakiwa na simu mkononi, mwanzo wa njia hadi mwisho, wakiandika kila kituo. Na vituo vya Nairobi unavijua: vingine havina kibao wala kibanda, vina jina tu kinywani mwa kondakta, na mti uliokipa kituo jina ulishakatwa. Ushahidi nayo, programu ya kukusanya ripoti za vurugu kwenye ramani, iliyobuniwa na Wakenya mwanzoni mwa 2008 wakati nchi inaungua baada ya uchaguzi, iliundwa kwa siku chache. Kilichoifanya iaminike ni watu waliokaa kusoma ripoti moja moja na kuulizia kama kweli imetokea.

Kikundi chetu kina programu pia: kundi la WhatsApp ambalo nusu ya ujumbe wake ni matangazo ya kazi za uongo.

"Wanaharakati wanapinga maendeleo"

Anayesema hivi mwulize Jumapili huwapeleka watoto wapi. Mwaka 1989 ilipangwa kujengwa jengo la ghorofa sitini ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliandika barua, kwa serikali, kwa balozi, kwa yeyote mwenye anwani. Bungeni alidhihakiwa, wanawake wa Green Belt Movement, chama chake cha kupanda miti, wakaitwa wanawake walioachika, na chama chao kikatolewa katika ofisi zake. Jengo halikujengwa, fedha za kigeni zilikauka. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alipigwa hadi kutoka damu kichwani alipokwenda kupanda mti Karura, msitu uliokuwa ukigawiwa watu viwanja. Tuzo ya Nobel ilikuja 2004. Leo watu hulipa langoni kuingia Karura kukimbia asubuhi, na nina hakika baadhi yao hutukana waandamanaji wakirudi nyumbani.

"Vijana wale ni wahuni waliojificha"

Wengine walikuwa. Hilo halifichwi hata na wao wenyewe, kule Korogocho ambako vijana waligeuza kando ya mto kutoka jaa la taka kuwa bustani. Nisichoelewa ni kwa nini tunalitaja kama kosa.

"Mkishasafisha, basi"

Nimeiweka mwisho kwa sababu hii nasi tuliiamini.

Mtaro wetu una urefu wa kama mita mia mbili. Mara ya kwanza tulitoa nepi, chupa, godoro moja, mifuko ya nailoni iliyokuwa imegandamana kama zulia (marufuku ya mifuko ilikuja Agosti 2017, ila udongo wa Nairobi una kumbukumbu ndefu). Maji yakaanza kutiririka, watoto wakashangilia, tukapiga picha. Uchafu wote tukaurundika kando ya mtaro, tukisubiri lori. Lori tuliahidiwa na ofisi moja nisiyoitaja. Halikuja. Siku ya tano mvua ilinyesha na rundo lote likarudi mtaroni, likiwa limelainika kiasi cha kuziba vizuri kuliko mwanzo.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu watu wa vyoo. Choo cha Fresh Life, kazi iliyoanzia Mukuru mwaka 2011, ukikitazama ni kibanda kidogo cha rangi ya buluu, hakina la ajabu. Chini yake kuna chombo, na chombo hicho hutolewa, kikawekwa kingine safi, kikasukumwa kwa mkokoteni kupitia vichochoro ambavyo gari halipiti, hadi kinapochukuliwa kwenda kutengenezwa mbolea na chakula cha mifugo. Kesho tena. Keshokutwa tena. Wale wa mkokoteni wakigoma wiki moja, kibanda cha buluu kinageuka kuwa tatizo jipya. Hata MYSA, chama cha soka cha Mathare kilichoanza 1987, hakikuwaambia watoto wasafishe mtaa mara moja wapongezwe. Kiliingiza usafi kwenye msimamo wa ligi: timu isiyofanya usafi inakosa pointi. Mtoto anayetaka kombe atashika fagio mwezi huu na mwezi ujao.

Tuliiga kidogo. Sasa hatuingii mtaroni kabla ya kumpata mtu wa mkokoteni, na uchafu hauguswi mpaka alipwe. Tunachanga shilingi hamsini kila mlango, ploti ishirini na mbili, na mwenye ploti asiyetoa jina lake linasomwa kwenye mkutano. Mvua kubwa za Aprili 2024, zilizobeba nyumba na watu kule Mathare, ziliingia kwetu pia hadi magotini. Mtaro wa mita mia mbili hauzuii mto. Lakini maji yalitoka kesho yake, wakati ng'ambo ya barabara yalikaa wiki nzima.

Yule mzee wa kwa kinyozi anakaa ng'ambo ya barabara. Juzi alinisimamisha dukani, akaniita "katibu", akaniuliza wale wa mkokoteni tunawalipa ngapi. Nikamwambia. Akasema ni ghali, apunguziwe. Nimemwandika kwenye daftari, ukurasa wa mbele, kwa kalamu ya risasi.