Picha iliyopanda Google Photos nayo hufutika

Wengi huamini kwamba picha ikishapanda Google Photos, programu ya Google ya kuhifadhi picha mtandaoni, ukiifuta, nakala ya mtandaoni inabaki. Sivyo. Ukiifuta ndani ya programu hiyo, inaondoka kwenye simu na kwenye akaunti pia. Hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha basi. Simu ikijaa, gusa alama ya akaunti yako juu kulia, utafute sehemu ya kupata nafasi kwenye kifaa: hiyo huondoa nakala za simuni tu, tena zile zilizokwisha kupakiwa. Nafasi ya bure mtandaoni ni GB 15, nazo unagawana na Gmail na Drive, hifadhi ya mafaili ya Google. Picha za harusi, mimi ningeziweka na kwenye flashi.