Mafuta ya mbuzi hayatoki kwenye mashudu

Lindi na Mtwara mashudu ya ufuta, yaani makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta, hayatafutwi mbali, ndiyo maana wengi huamini kwamba mbuzi akipewa kwa wingi, mafuta yake yatakwenda moja kwa moja nyamani. Sivyo. Mafuta ya mbuzi na ng'ombe hutokana zaidi na nyasi. Vijidudu vya tumbo la kwanza huzichachusha na kutoa asidi kadhaa, nyingi kuliko zote ikiwa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki. Hiyo huingia kwenye damu, na seli za mafuta zenyewe huigeuza kuwa mafuta. Ini la mbuzi, tofauti na la kuku, halina mchango mkubwa hapo. Mashudu mpe, ila kwa ajili ya protini. Mafuta yakizidi asilimia 6 au 7 hivi ya chakula kikavu, vijidudu hulemewa na nyasi hazimeng'enywi vizuri.

Vijidudu hivyohivyo huyaongezea haidrojeni mafuta laini ya majani na mbegu kabla hayajafika utumboni, yakawa magumu. Ndiyo maana mafuta ya ufuta hubaki maji, na ya supu ya mbuzi huganda pembeni mwa bakuli ikipoa.

Buchani utasikia: "Mafuta ya manjano, huyo ng'ombe alikuwa mgonjwa." Mara nyingi ni karotini tu, rangi ya manjano iliyomo kwenye majani mabichi. Ng'ombe huihifadhi kwenye mafuta. Mbuzi huigeuza vitamini A, mafuta yake yakabaki meupe. Umanjano wa ugonjwa huonekana hata kwenye weupe wa macho, na hapo mwenye kauli ni mkaguzi wa nyama.

Mbavu nazo hudanganya. Mbuzi hujaza mafuta kuzunguka figo na matumbo kabla ya chini ya ngozi, kwa hiyo mshike kiunoni na kifuani kabla ya kubishana bei.

Dhana inayoua ni hii: jike mwenye mimba akinona sana, ana akiba ya kumtosha. Wiki sita za mwisho watoto hukua kwa kasi, hasa wakiwa pacha. Tumbo hubanwa, chakula hupungua, na sukari ya damu hushuka. Mwili huyeyusha mafuta kwa pupa, yakajaa kwenye ini, na ketoni, kemikali zinazotokana na mafuta yanayoyeyushwa, zikazidi kwenye damu. Jike mnene ndiye huanguka upesi. Akikataa kula, akajitenga, akasaga meno na pumzi ikanuka utamu usio wa kawaida, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Walio wazima waongezee pumba kidogo kidogo mpaka wazae.